Dawati la Nia

Jumapili walitoa kwa machozi. Jumatatu asubuhi Subilaga Mwaipaja akawakuta wote kwenye kioo chake cha kazini, mmoja chini ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoa.

Wa kwanza alikuwa diwani. Video ya harambee ilifuatana na faili, kama sheria inavyotaka, na diwani alionekana amesimama mbele ya ukumbi wa mtaa wa Soweto, ameng'ang'ania maikrofoni, anawaambia watu kwamba Ambakisye si mgonjwa wa ukoo mmoja bali ni mgonjwa wa Mbeya nzima. Akatoa leso, akajifuta. Akainua mkono wenye bangili juu, wote wauone, akataja milioni tano, akaigusa kulipa. Vigelegele vikapaa. Chini ya video bangili yake mwenyewe ilikuwa imeandika maneno mawili tu: nia haipo. Pesa ilisharudi kwenye akaunti yake kabla hajakaa kwenye kiti.

Waliomfuata walikuwa mwalimu mkuu mstaafu, akina mama wa kwaya, na mfanyabiashara wa mbao aliyejulikana mji mzima kwa ukarimu wake. Wote walishangiliwa. Wote bangili zao ziliwasuta. Subilaga alikuwa akinywa chai huku akiwasoma, na chai ikamshinda.

Kilichopita siku ile bila kusimama kilikuwa pesa ya fulana. Kila mjumbe wa kamati alilipia yake, nyeupe, imeandikwa TUMWOKOE AMBAKISYE kifuani, na hapo nia ilikuwepo tele, maana fulana inaonekana. Pesa ya muziki nayo ilipita. Na ya pilau.

Bangili hizi zilianza kwa heri. Enzi za simu za mkononi wezi walikuwa wakimkaba mtu barabarani, kisu shingoni, wanamwambia atume pesa huku wanamwangalia. Matapeli nao waliwaandikia wazee wa watu ujumbe, ile hela itume kwenye namba hii, na wazee wakatuma. Watu walilia mpaka sheria mpya ikapita, Sheria ya Nia, ikasema kwamba pesa haitatoka kwenye akaunti ya mtu kama mwenyewe hataki itoke. Bangili huonja jasho, husikiliza mapigo, hupima damu inavyokimbia chini ya ngozi. Ikiona nia, malipo yanapita. Isipoiona, inayazuia kimya kimya, na upande wa pili unafika ujumbe kwamba malipo hayakukamilika, tafadhali jaribu tena. Ukimya ule uliwekwa kwa makusudi, ili mwenye kisu asijue kwamba aliyemkataa ni mtu mwenyewe, adhani ni mtandao.

Wezi waliacha kazi. Kodi, ada na mishahara vilikuwa na mikataba yake, na sheria haikuvigusa. Lakini mchango hauna mkataba, na watu wema hawakuchelewa kugundua kwamba sasa mtu anaweza kuahidi ng'ombe mbele za watu, akapigiwa makofi, akala pilau, na bangili ikamrudishia ng'ombe wake bila yeye kusema neno. Hakuwa amedanganya. Alikuwa amegusa, na kila mtu alimwona akigusa. Wiki iliyofuata watu walikuwa wakikutana sokoni Mwanjelwa, wakiulizana habari za mchango, na jibu likawa moja kwa mji mzima: mtandao ulisumbua. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa safi wa kumcheka mwenzake. Kwenye ukuta nyuma ya Subilaga benki ilikuwa imetundika methali kwa herufi za dhahabu, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na yeye alikuwa ameomba mara nyingi iondolewe.

Kazi yake haikuwa hao. Hao mashine iliwamaliza yenyewe. Yeye alikaa kwenye Dawati la Nia kwa ajili ya jambo moja ambalo bangili haikuliweza, nalo ni hofu. Mtu akilipa huku anaogopa, bangili haijui anamwogopa nani, basi husimamisha pesa na kumpelekea mtu aamue. Mtu huyo ndiye Subilaga. Sheria ilimpa njia tatu. Angeweza kuyapitisha malipo kwa mkono wake. Angeweza kuyarudisha kimya kimya, kama mashine ifanyavyo. Au angeweza kumrudishia mwenye pesa aseme mwenyewe, na akisema kwa kinywa chake kwamba anazuia, hapo hapo jina lake na maneno yake hupelekwa kwa mpokeaji, maana mtu huru anayekataa waziwazi hana haja ya kufichwa.

Hofu ya Jumatatu ile ilikuwa moja. Jina, Tupokigwe Mwakyoma, mama mzazi wa mgonjwa. Kiasi, bei ya shamba la maparachichi la Rungwe. Ilitosha kumnunulia mgonjwa ini jipya zima. Ini lenyewe lilikuwa limeshaota kwenye chupa yake hospitalini, na hospitali ilikuwa imesema italishikilia mpaka jioni. Baada ya hapo lingepewa mgonjwa anayefuata.

*

Mzee Gwakisa Mwandemele, mwenyekiti wa kamati na baba mdogo wa mgonjwa, hakupiga hodi. Aliingia na fulana yake juu ya shati na tai, akakaa bila kukaribishwa, akaanza kueleza kabla salamu haijaisha. Alikuwa afisa wa wilaya miaka mingi na bado aliongea kama mtu anayesubiriwa na gari nje.

Alisema ni aibu. Alisema amesikia kwamba pesa ya shemeji yake imekwama kwenye dawati hili, pesa ya mama mzazi, na kwamba mashine imeiita hofu. Sasa mama ambaye mwanawe anakufa asiogope? Akainua kidole. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, binti yangu. Hicho kibati kitaujulia wapi?"

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Subilaga zaidi. Faili la Gwakisa lilikuwa wazi mbele yake upande asiouona. Milioni kumi, ametaja jina la marehemu kaka yake, amepiga goti, ukumbi umesimama wima kumpigia makofi. Nia haipo. Haikuwa hata na dalili ya kusitasita. Mapigo yake yalikuwa matulivu kabisa, ya mtu anayejua kwamba hakuna kitakachotoka.

Alimwuliza, kwa sauti ya adabu, kama michango mingine ya kamati ilikuwa imeenda vizuri.

"Aa, mtandao," Gwakisa akasema, akipungia hewa. "Jana mtandao ulisumbua sana. Tunafuatilia."

Kiapo cha dawati kilimfunga Subilaga mdomo. Angemwambia, angefukuzwa kazi mchana ule, na pengine kufungwa. Akameza. Alimchukia mzee yule kwa utulivu, kama mtu anavyokichukia chakula kilichochacha. Na akaamua palepale kwamba pesa ya mama itapita, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesema kweli bila kukusudia: mama anaogopa mwanawe asife, hiyo ndiyo hofu, hakuna siri. Kilichobaki kilikuwa kanuni. Lazima amwone mwenye pesa ana kwa ana, peke yake.

Gwakisa alisema ataingia naye, maana shemeji ni mtu wa shamba na haya mambo ya benki humchanganya. Subilaga alimjibu kwamba sheria hairuhusu ndugu, akamfungulia mlango atoke, na kuufunga nyuma yake kulimpa raha kubwa.

*

Bibi Tupokigwe alikuwa amevaa kitenge kipya kilichochapwa kwa ajili ya harambee, na juu yake sweta la kijani lililokwisha viwiko. Hakuvaa fulana. Subilaga alimwamkia kwa lugha ya kwao, ugonile mama, na bibi akaitika ndaga, akakaa ukingoni mwa kiti.

Subilaga alimweleza polepole. Bangili imeona hofu. Yeye anaelewa kwamba ni hofu ya mzazi, hivyo atayapitisha malipo kwa mkono wake, na ini litatolewa leo leo. Alitaka tu kusikia kutoka kwake kwamba ni hivyo.

Bibi hakusema kwamba ni hivyo. Aliuliza kama pesa za wale wengine zimepita.

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Zimerudi," bibi akasema, na uso wake haukuonyesha mshangao. "Nilijua zikiwa bado mikononi mwao."

Kisha akaeleza, akiangalia meza. Hili lilikuwa ini la pili. La kwanza alilinunua yeye peke yake, kwa ng'ombe wote na nyumba ya mjini aliyoachiwa na marehemu. Ambakisye alitoka hospitalini mzima, mnene, anacheka, na kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa alikuwa amerudi kilabuni kwa wenzake. Alimwambia mama yake kwamba ini si kitu siku hizi, linaota. Sikio la kufa halisikii dawa. Mke wake akaondoka, akawaacha watoto wawili wa kike kwa bibi yao. Tangu siku hiyo shamba la maparachichi ndilo lililowalisha, likawavika, likawasomesha. Ambakisye hakuwahi kuwanunulia hata daftari.

Ukoo ulipokaa, walisema mama atauza shamba. Hakuna aliyemwuliza. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, kaka wa mke wa Gwakisa, na alilipa papo hapo. Bangili yake yeye haikuona tabu yoyote, alilitaka shamba lile kwa moyo wake wote. Kama bibi angemrudishia mnunuzi pesa ile kabla ya jioni, mauzo yangekufa na shamba lingebaki lake. Siku ya harambee walimkalisha mbele kabisa, kamera usoni, ukumbi mzima ukimwangalia mkono.

"Mimi siogopi mwanangu kufa," alisema. "Nimekwisha kumlilia. Pale niliogopa watu."

 Subilaga alikuwa na mkono tayari juu ya kitufe cha kupitisha, akauondoa.

"Sasa nakuomba, mwanangu. Irudi kama zao. Wewe ifanye irudi, watasema mtandao, na mimi nitasema mtandao."

Lilikuwa jambo jepesi. Kugusa mara moja tu, na mama huyu angetoka pale akiwa mama aliyejaribu, na ukoo ungesikitika naye, na shamba lingebaki. Sheria ilimruhusu Subilaga kufanya hivyo, na hofu yenyewe ilikuwa ndiyo ile ile ambayo sheria ilitungwa kuilinda. Lakini alikuwa amejaa dharau tangu asubuhi. Majina yale yote yaliyojificha nyuma ya bangili yalikuwa bado yanawaka kwenye kioo, na sasa aliyekuwa na sababu ya kweli alikuwa anaomba mahali pa kujificha pamoja nao. Alihisi kama ameombwa naye aseme mtandao. Akajiambia kwamba ukweli ukisemwa mara moja katika mji ule, na mtu mmoja tu, utakuwa na faida. Mwenye kuulipia ukweli huo hakuwa yeye.

"Mama, mimi siyo mashine," alisema. "Kama hutaki, sema mwenyewe. Nitapokea kauli yako."

"Nikisema, watatangaziwa?"

"Ndiyo. Kamati yote."

"Na wao, je? Watatangazwa?"

"Hapana."

Bibi alimwangalia. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na Subilaga baadaye alitamani ingekuwepo. Kisha bibi akavuta kitenge chake, akanyoosha mkono wenye bangili juu ya meza.

"Mimi Tupokigwe Mwakyoma nazuia malipo haya. Nimemzaa, na nimemlipia mara moja. Shamba ni la watoto wake. Sitoi."

Bangili iliisoma sauti yake. Hofu ikafutika kwenye kioo, na mahali pake yakaandikwa maneno ambayo dawati lile halikuwa limeyaona siku nzima: nia ipo.

*

Ujumbe ulifika kwenye simu zote za kamati kwa pamoja. Kwenye ukumbi wa benki kulikuwa na wajumbe kadhaa waliokuja kumsindikiza mwenyekiti, na Gwakisa aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma hukumu. Alipofika kwenye neno "sitoi", alilirudia.

Bibi alikuwa ametangulia kutoka, na yaliyofuata Subilaga aliyasikia kupitia mlango kabla hajaufungua. Mama mmoja wa kwaya alisema hajapata kuona mnyama akimfanyia mwanawe hivyo. Mfanyabiashara wa mbao alisema dunia imekwisha. Diwani alipigiwa simu, akasikika kwenye spika akisema kwamba yeye binafsi ameumia, kwa kuwa alikuwa amejitoa mno kwa ajili ya kijana huyu. Fulana zote zilikuwa zimekusanyika kumzunguka kikongwe mmoja mwenye sweta la kijani. Bibi alisimama katikati yao, mikono ameikunja, anasikiliza.

Hapo ndipo Subilaga alipoona alichokifanya. Wale walikuwa na maficho yao mpaka sasa, na wataendelea kuwa nayo. Yule mmoja aliyesema kweli ndiye ambaye yeye, Subilaga, alimvua nguo akamsukuma nje kwao. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitafuta la kufanya, na akaliona moja ambalo kiapo hakikulikataza.

Akasimama mbele ya kaunta. Aliwaambia kwamba amepiga hesabu ya ahadi za jana, na kwamba ahadi hizo peke yake, bila shamba, zinatosha ini na hata chenji inabaki. Hospitali inasubiri mpaka jioni. Akawaambia pia kwamba mtandao leo hauna tatizo lolote, ameukagua mwenyewe. Basi waguse hapa, mbele yake, sasa hivi, na kijana wao atapona.

 Kila mtu alitazama mahali pasipo na mtu. Mwalimu mkuu mstaafu alikohoa. Subilaga alihesabu nyuso zile na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapata tumaini dogo la kipumbavu, kwamba labda mtu akibanwa kabisa ukutani anaweza kuwa mtu.

Gwakisa ndiye aliyeanza. Alipandisha kifua, akainua bangili juu.

"Milioni kumi," alisema, na sauti ikamkatika mahali pazuri. "Kwa damu ya kaka yangu."

Akagusa. Makofi yakapigwa. Akafuata mfanyabiashara wa mbao, akafuata mwalimu, wakafuata akina mama wa kwaya, na mmoja akaanza wimbo, na wengine wakaupokea wakilia. Diwani alitaja milioni tano zake kwa simu na kusema anagusa huko huko alipo. Wafanyakazi wa benki walitoka ofisini mwao kuangalia. Mlinzi alijifuta macho.

Subilaga alirudi nyuma ya kaunta, akakitazama kioo. Nia haipo. Nia haipo. Alikiangalia mpaka jina la mwisho, na wimbo ulikuwa haujaisha.

Gwakisa alimgeukia shemeji yake. Uso wake ulikuwa umelowa, na machozi, Mungu amsamehe, yalikuwa ya kweli.

"Umeona, shemeji?" alimwambia. "Sisi tumetoa."

 Bibi Tupokigwe alipita katikati ya fulana, nazo zikampisha kwa kuvuta nyuma, akaja kwenye kaunta. Alisema anataka kulipia gari la wagonjwa. Limchukue Ambakisye hospitalini, limlete nyumbani Rungwe, taratibu, maana barabara ina mashimo na tumbo linamuuma. Aliuliza kama wanaweza kuweka godoro la pili, yeye akae naye nyuma.

Subilaga alijaza maombi yale. Alipomaliza aliinama karibu na kioo cha kaunta. "Nisamehe, mama."

"Mashine ingenificha," bibi alisema. Hakupandisha sauti. "Wewe ni mtu, ukanisikia yote, na hukunificha."

Kisha akanyoosha mkono, akagusa, na pesa ya gari ikapita papo hapo.